Nimechoka kubeba laptopu ya gemu, lakini roho inasita kuiachia

Dada Mshauri,

Shikamoo. Naomba jina langu lisitajwe, maana ofisini kwetu kuna wanaosoma safu hii.

Mimi ni binti wa miaka 29, naishi Dodoma. Nimeajiriwa na kampuni ndogo inayofanya tathmini ya miradi ya maendeleo. Kazi yetu ni kwenda wilayani, kuhoji kaya, kuchambua takwimu kwa Excel na Power BI (programu ya Microsoft ya kuchambua takwimu), na kuandika ripoti. Wiki hii niko Kondoa, wiki ijayo Mpwapwa, nyingine Kongwa. Nasafiri kwa basi, nikishuka stendi nadandia bodaboda hadi kijijini. Na muda wote huo mgongoni nina laptopu ya gemu.

Nikueleze nilivyoipata. Mwaka 2021 sikuwa na ajira. Nilikuwa nachora ramani za nyumba na kutengeneza zile picha ambazo mteja anaiona nyumba yake imekamilika, ina gari uani na maua dirishani, wakati uwanjani bado kuna mawe ya msingi tu. Mashine niliyokuwa nayo ilikesha usiku kucha kutoa picha moja. Nikadunduliza, mama akaniongezea kilichopungua, nikanunua hii kwa milioni tatu na laki nne. Skrini ni inchi 15.6, prosesa Ryzen 7 5800H, RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) GB 16, kadi ya picha RTX 3060. Ndiyo iliyonilisha mpaka nikapata kazi. Hata leo wateja wa picha wananitafuta. Mwezi mzuri napata kama laki nne, mwezi mwingine sipati kitu.

Sasa imenishinda. Yenyewe ina kilo 2.3, na chaja yake ni tofali. Niliipima kwenye mizani ya dukani kwa jirani, inakaribia gramu 800. Na bila hiyo chaja siendi popote, kwa sababu betri haimalizi saa mbili. Nikifika kijijini, hata kabla ya kusalimia vizuri, macho yanatafuta soketi.

Kuna jambo jingine lililoniuma zaidi ya mgongo. Hivi karibuni tulikuwa tunawasilisha matokeo kwenye halmashauri moja. Nikafungua faili kubwa la Excel, feni zikaanza kuvuma, kibodi ikawaka nyekundu, bluu na kijani. Mkubwa mmoja akasema, "Binti, umekuja na disko?" Ukumbi mzima ukacheka. Bosi wangu hakucheka, ila tukiwa njiani akaniambia, "Tafuta mashine ya mtu wa kazi." Tangu hapo vikaoni naingia na daftari, halafu usiku nikiwa gesti naanza kuhamishia kila kitu kwenye kompyuta.

Nilipokwenda Dar nikapita Kariakoo. Muuzaji mmoja akanionyesha ThinkPad X1 Carbon, nyembamba, nyeusi, nyepesi mpaka nilidhani haina betri. Ni ya mtumba kutoka Ulaya, Core i7 (nilinakili: i7-7600U), RAM GB 8, SSD (diski ya kuhifadhia mafaili) ya GB 256. Akasema tubadilishane bila mtu kumwongezea mwenzake, kwa sababu ile ni ya maofisa na yangu ni ya watoto wa gemu, soko lake dogo. Yuko tayari kunisubiri hadi mwisho wa mwezi.

Mdogo wangu wa kiume aliposikia akaruka: "Dada, usiiuze, nipe mimi." Yuko mwaka wa pili chuoni Mwanza, anaishi kwa mjomba. Hapa ndipo penye kigugumizi. Mama yetu alifariki mwaka 2022, na kabla ya hapo mimi na huyu mdogo wangu hatukuwa watu wa kuongea. Siku hizi kila Ijumaa usiku tunacheza Rocket League, lile gemu la magari yanayopiga mpira. Mimi natumia laptopu, yeye PlayStation 4 ya mjomba, na masikioni tuna vifaa vya kuongelea. Nikimpigia simu ya kawaida maongezi yanaisha kwa "poa" na "sawa". Tukiwa uwanjani anasema yote. Humo ndimo aliponiambia kwamba amebeba masomo mawili, jambo ambalo mjomba halijui mpaka leo.

Kwa hiyo, Dada, najiuliza. Niichukue ile nyembamba, niwe mtu wa kazi, gemu niliache? Nimpe mdogo wangu? Au niendelee kuumia? Kila nikitaka kumpigia muuzaji naona kama naiuza na ile hela ya mama.

Mbeba Mzigo, Dodoma

* * *

Marahaba, mdogo wangu. Na pole kwa mama. Najua miaka imepita, lakini kwa ulivyoandika naona bado hujapata mahali pa kuiweka pole hiyo, kwa hiyo ipokee.

Umeniuliza kuhusu laptopu, lakini nikiisoma barua yako naona maswali manne tofauti. Kuna mgongo. Kuna aibu ya kikaoni. Kuna kipato cha picha. Na kuna Ijumaa usiku. Muuzaji wa Kariakoo amekupa jibu moja kwa yote manne, na bosi naye amekupa jibu moja. Ningependa tuyatenganishe kwanza, kwa sababu nahisi baadhi yake hayahitaji ununue chochote.

Tuanze na disko, kwa kuwa ndilo lililokukimbizia kwenye daftari.

Mkubwa yule alitania, watu wakacheka, wewe ukabaki na maneno ya bosi. "Mashine ya mtu wa kazi." Ninakuuliza kwa upole: hiyo uliyonayo ni mashine ya mtu gani? Ilichora nyumba za watu, ikakulipia kodi ya chumba wakati huna ajira, na ndiyo inayochambua takwimu za kampuni ya bosi wako hadi leo. Sisemi bosi alikosea. Inawezekana alichomaanisha ni kitu kidogo kabisa, kwamba kelele na taa zinawatoa watu kwenye hoja yako, na hilo ni kweli. Lakini wewe ulisikia kitu kikubwa zaidi, kwamba hujawa mtu wa kazi. Umemuuliza alimaanisha lipi? Barua yako haisemi.

Taa zinazimwa. Kwenye laptopu nyingi za gemu kuna vitufe viwili vya kubonyeza pamoja, cha Fn na kimojawapo cha safu ya juu au vile vya mishale, na kama sivyo, programu ya mtengenezaji iliyokuja na mashine ina sehemu ya mwanga wa kibodi. Programu hiyo hiyo huwa na hali ya ukimya. Iweke hapo kabla hujaingia ukumbini. Kisha nenda kwenye mipangilio ya umeme ya Windows na ushushe kiwango cha juu cha prosesa kutoka asilimia 100 hadi 99. Unaona tofauti ni ndogo, lakini kwenye mashine nyingi asilimia hiyo moja huizuia prosesa kupandisha kasi ya ziada, na kasi hiyo ndiyo inayozalisha joto na kuamsha feni. Excel yako haitajua hata kilichotokea. Skrini nayo kama ni ya hezi 144, yaani inajichora upya mara 144 kwa sekunde, ishushe hadi 60 ukiwa kazini. Halafu ingia sehemu ya skrini, kisha grafiki, uiambie Windows kwamba Excel na Power BI zitumie kadi ndogo iliyomo ndani ya prosesa, ili ile RTX ilale. Mara nyingi ikilala, betri inapata nafuu ya kuonekana.

Na tangu 2021, hiyo mashine imewahi kufunguliwa na fundi? Vumbi la Dodoma unalijua, na la barabara ya kwenda vijijini unalijua zaidi. Feni zilizoziba huvuma hata kwa kazi nyepesi. Fundi anayeaminika asafishe feni na kuweka pesti mpya ya kupitisha joto, kazi ya saa moja au mbili, ukiwa umekaa pale pale unaangalia.

Hata chaja ina jambo la kuchunguza. Baadhi ya laptopu za gemu za kuanzia miaka hiyo zinapokea umeme kwa tundu la USB-C, hadi wati 100. Soma kijitabu chake au tovuti ya mtengenezaji kwa namba kamili ya modeli yako. Kama yako inapokea, tofali utaliacha nyumbani na safarini utabeba chaja ndogo inayochaji na simu. Haitatosha kwa gemu wala kwa kutoa picha, ila kwa ripoti inatosha.

Kinachobaki baada ya hapo ni kilo 2.3, na hizo hakuna mpangilio wa Windows unaozipunguza. Mgongo wako haudanganyi. Ukijumlisha chaja unabeba kilo 3.1. X1 Carbon ya aina uliyoonyeshwa ina kilo 1.14 hivi, na chaja yake ni ya kawaida, kwa hiyo jumla haifiki kilo moja na nusu. Kwenye bodaboda ya dakika arobaini tofauti hiyo ni kubwa. Unayo haki ya kutamani nyepesi bila kuona haya, na bila kusubiri mtu akuambie wewe ni mtu wa kazi.

Sasa tuiangalie hiyo nyepesi yenyewe. Hapa nitakaa kidogo.

Neno "Core i7" linawapumbaza wengi, kwa sababu linabaki lile lile mwaka hadi mwaka wakati kilichomo ndani kinabadilika. Namba uliyonakili ndiyo inayosema ukweli, na nakupongeza kwa kuinakili. i7-7600U ni prosesa ya mwaka 2017, kizazi cha saba, yenye kore mbili, yaani sehemu mbili za kufanyia hesabu. Ryzen yako ina kore nane na ni ya 2021. Herufi za mwisho nazo zina maana yake: U ni prosesa ya kubana umeme, kama wati 15, na H ya kwako ni ya nguvu, wati 45. Ndiyo maana moja ni nyembamba na kimya, na nyingine ni nzito na inavuma. Hakuna uchawi, kila moja ililipia sifa yake.

Kizazi cha saba kina jambo jingine. Windows 11 rasmi inaanzia kizazi cha nane cha Intel, isipokuwa prosesa chache sana, na hiyo uliyoonyeshwa haimo. Windows 10 nayo ilifikia mwisho wa msaada wa kawaida wa Microsoft tarehe 14 Oktoba 2025, ukiacha mpango wa muda wa nyongeza wa masasisho ya usalama. Mafundi wanajua njia za kuisukumia Windows 11 kwenye mashine za aina hiyo, na inawaka, lakini Microsoft haiahidi kuisasisha. Kwa mtu anayehifadhi majina na hali za maisha za kaya za watu, hili si jambo la kupita juu juu.

RAM ya mashine ile imechomelewa kwenye bodi. Ikiwa 8 leo, itakuwa 8 mpaka siku unaitupa. SSD inabadilishika, RAM haibadiliki. Wewe leo una 16 na unafungua mafaili makubwa ya Excel pamoja na Power BI. Nane zinaweza kutosha kwa ripoti ya kawaida, lakini ukifungua kila kitu pamoja utaanza kuiona inasita, na sijui kama uvumilivu wako utafika Mpwapwa.

Kuhusu picha za wateja, huko ndiko kwenye pengo kubwa. Programu unazotumia kutolea picha hutegemea kadi kama RTX yako. Ukichukua Blender, kwa mfano, kadi ndogo ya Intel ya enzi ile haiwezi kuisaidia kutoa picha kwa injini yake ya Cycles, kwa hiyo kazi yote inaangukia kore mbili. Utarudi kwenye ile mashine iliyokesha usiku kucha. Kama umeamua moyoni kwamba kazi ya picha imekwisha na mshahara unatosha, basi hili halina uzito. Lakini barua yako haisemi hivyo. Inasema wateja bado wanakutafuta.

Usinielewe kwamba naichukia X1 Carbon. Ni laptopu imara, kibodi yake watu wanaisifu, na kwa kuandika ripoti bado inafanya kazi. Ninachouliza ni kama kubadilishana bila kuongezeana kunalingana na vitu viwili vyenyewe. Kabla ya mwisho wa mwezi, waulize wauzaji wengine wawili watatu maswali mawili kwa nyakati tofauti: mashine kama yangu mnainunua bei gani, na X1 Carbon ya i7-7600U mnaiuza bei gani. Usiwaambie habari ya kubadilishana. Majibu yatakuambia kama soko la "watoto wa gemu" ni dogo kiasi alichosema.

Na ukifika kuichukua hiyo au nyingine yoyote ya mtumba, iwashe na ubonyeze F1, ambacho ndicho kitufe cha kuingilia BIOS (mipangilio ya msingi ya mashine, kabla Windows haijawaka) kwenye ThinkPad. Ikikudai nenosiri ambalo muuzaji hana, irudishe mezani. Zile mashine nyingi zilikuwa za makampuni, na nenosiri la msimamizi likipotea kwenye ThinkPad, tiba rasmi ni kubadilisha bodi nzima. Kisha fungua dirisha la amri la Windows, andika powercfg /batteryreport, fungua faili la ripoti litakalotengenezwa, na usome mistari miwili: uwezo wa betri ilipotoka kiwandani na uwezo wake wa sasa. Modeli ile ilitoka na betri ya wati-saa 57 hivi. Ukikuta imebaki nusu, utaendelea kutafuta soketi kijijini, safari hii ukiwa na laptopu nyembamba.

Angalia na vitu vidogo ambavyo huvioni dukani ila utavikumbuka kazini. Laptopu nyembamba za inchi 13 na 14 karibu zote hazina ile safu ya tarakimu upande wa kulia wa kibodi. Wewe unayeingiza takwimu kwa mkono utaitafuta. Kumbi nyingine za halmashauri bado zina projekta za waya wa VGA, kwa hiyo utahitaji kiunganishi kidogo begini, na viunganishi hivyo vina tabia ya kubaki gesti.

Kuna watakaokuambia nunua MacBook Air. Ile yenye prosesa ya M1 iliyotoka mwaka 2020 haina feni hata moja, ina kilo 1.29, na betri yake inashinda kutwa. Ni jibu zuri sana kwa mtu mwingine. Kwako wewe, Power BI Desktop inatengenezwa kwa Windows tu, na kama ramani zako unazichorea Revit, nayo ni ya Windows. Na Rocket League iliacha kuhudumia kompyuta za Mac Machi 2020.

Hapo tumefika Ijumaa usiku, na nina habari ambayo huenda ikakushangaza. Gemu mnalocheza ni jepesi. Linakimbia hata kwenye laptopu isiyo na kadi kubwa ya picha, ukishusha ubora wa picha. Magari hayatang'aa kama ulivyozoea, ila mpira utaingia golini vile vile, na mwenye PlayStation 4 Mwanza na mwenye kompyuta Dodoma mtaendelea kukutana. Umeandika kana kwamba ukiachana na laptopu ya gemu unaachana na gemu, na ukiachana na gemu unampoteza mdogo wako. Naomba uijaribu dhana hiyo kabla hujaifanyia uamuzi. Ijumaa moja, kwenye hiyo hiyo uliyonayo, liambie gemu litumie kadi ndogo ya ndani, ushushe kila kitu, mcheze. Si sawa na X1 Carbon, lakini utajua kama kinachokuweka pale ni mng'ao au ni sauti ya mdogo wako.

Na kwa nini "mtu wa kazi" asicheze gemu? Wapo mameneja wanaocheza bao kila jioni na hakuna anayewashauri waache. Umri wako na jinsia yako visikutie unyonge katika hili. Unacheza mara moja kwa wiki na kijana aliyefiwa na mama, na humo ndimo alimopata ujasiri wa kukuambia ameshindwa masomo mawili.

Ombi lake la kupewa mashine ningelitazama pande zote. Hukuniambia anasoma nini. Kama ni uhandisi, usanifu au mambo ya kompyuta, hiyo laptopu inaweza kumbeba hadi ahitimu. Kama anahitaji kuandika kazi za darasani tu, inamzidi, na itabaki kuwa ya gemu kweli. Kisha kuna hayo masomo mawili. Mwulize, mkiwa uwanjani kama kawaida yenu, kwa nini anaitaka. Usimhoji kama kaya za Kondoa. Inawezekana anaitaka kwa sababu ni mashine kali. Inawezekana pia anaitaka kwa sababu mama alichangia, na hataki iende kwa mtu asiyejulikana Kariakoo. Haya ni maombi mawili tofauti, na wewe mwenyewe ndiye uliyenitajia hela ya mama katika mstari wa mwisho.

Ukimpa, fahamu unachotoa: mashine ya kipato cha laki nne kwa mwezi mzuri. Mnaweza kukubaliana kwamba yeye atoe picha za wateja wako huko Mwanza na mgawane, na huenda ikamfundisha kazi. Hatari yake ni kwamba utakuwa dada na bosi kwa wakati mmoja, mafaili makubwa yatakula bando, na mteja akikasirika atakupigia wewe. Wengine wameweza, wengine wamegombana.

Njia nyingine ni kubaki na zote mbili. Kubwa inakaa nyumbani mezani kwa picha na Ijumaa, ndogo inapanda basi. Kwa njia hii hutafuti nyembamba yenye nguvu, unatafuta nyembamba ya ripoti: kizazi cha nane cha Intel au zaidi, RAM 16 kama unaweza, betri iliyopimwa. Kuna mtumba wa namna hiyo katika ThinkPad za Lenovo, Latitude za Dell na EliteBook za HP. Ugumu wake ni hela, maana hakuna cha kubadilishana, na utakuwa na mashine mbili za kulinda katika nyumba ambayo wiki kadhaa haina mtu. Zipo pia laptopu za katikati, inchi 14 zenye kadi ya picha na uzito wa kilo 1.6 au 1.7, kama ROG Zephyrus G14 iliyoanza kutoka 2020. Ni nzuri, lakini bei yake itakurudisha kwenye kudunduliza kule kule.

Swali ambalo hujaliuliza kabisa ndilo linalonisumbua kuliko yote. Kwa nini mashine ya kazi ya kampuni inatoka mfukoni mwako? Pengine mkataba wako unasema hivyo, na kama unasema, sawa. Lakini Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na inawataka wanaokusanya taarifa za watu wazilinde. Taarifa za kaya mlizohoji sasa hivi zimo kwenye laptopu binafsi, ambayo nusura ibaki mezani kwa muuzaji Kariakoo. Bosi aliyesema "tafuta mashine ya mtu wa kazi" anaweza kuulizwa kwa adabu: je, ofisi inaweza kuninunulia, kunikopesha nikatwe kidogo kidogo, au kuweka laptopu mbili tatu za safarini ambazo kila anayekwenda wilayani anachukua? Unaweza kumwandikia ujumbe mfupi, ukataja uzito, betri na usalama wa taarifa, bila kugusa habari ya disko. Anaweza kukataa. Kampuni ndogo zina mifuko midogo, na utalazimika kupima kama swali hilo litaharibu hali ya hewa ofisini. Wewe unamjua, mimi simjui.

Kuhusu hela ya mama sitakushauri kwa hesabu. Alikuongezea kilichopungua ili ufanye kazi, na kazi ukaifanya. Kama moyo unakuambia kitu chenyewe kibaki kwenye familia, hiyo ni sababu kamili, haihitaji namba za prosesa kuitetea. Kama moyo unakuambia mama angefurahi usiumie mgongo, hiyo nayo ni sababu. Usimwache muuzaji mwenye tarehe ya mwisho wa mwezi akuamulie lipi kati ya hayo. Mashine za mtumba zinaingia kila mwezi.

Lolote utakalofanya, usiikabidhi mashine kwa mtu yeyote, hata kwa mdogo wako, ikiwa bado na mafaili ya kaya na ramani za wateja. Hamishia kila kitu kwenye diski ya nje, hakikisha inafunguka kwenye kompyuta nyingine, ondoka kwenye akaunti zako zote, kisha iweke Windows upya ukichagua kufuta kila kitu na kusafisha diski. Hiyo ya kusafisha huchukua muda mrefu, kwa hiyo ifanye nyumbani ikiwa kwenye chaja, usiifanyie dukani muuzaji akikuharakisha. Ukishajua bei za wale wauzaji wengine, na bosi akishakujibu, niandikie tena.